Kangomba ya mwani na taa ya kukagulia noti

Najua nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nimezama delta. Kwa asiyeijua njia: unatoka Dar na barabara ya Kilwa, unaipita Mkuranga, ukifika Bungu unakunja kushoto mpaka Nyamisati. Hapo gari linaishia. Mbele kuna gati, boti za kwenda Mafia, mitumbwi ya kwenda vijiji vya ndani ya delta, na mikoko mpaka macho yachoke.

Kabla sijaendelea niseme moja. Ukitaja Kibiti mbele ya watu wa mjini, wengi bado wanakumbuka mauaji ya 2016 na 2017. Wana haki ya kukumbuka. Ila leo naomba niandike habari ya Kibiti isiyo na polisi ndani yake, maana watu wa huku wanaishi pia siku za kawaida, na siku za kawaida zina dhuluma zake ndogondogo ambazo hazipigiwi king'ora.

Basi, pale Nyamisati nilikuwa nasubiri mtumbwi, akashuka bibi mmoja kutoka Mafia. Ana kiroba kichwani, kanga mbili, na mtoto wa kumshika mkono hakuna.

"Shikamoo bibi. Lete nikusaidie."

"Marahaba mjukuu wangu. Shika, lakini usikiburuze. Humo mna mwani, na umeshadhalilishwa vya kutosha."

Hilo neno "umeshadhalilishwa" ndilo lililonikalisha chini kumsikiliza. Akanieleza. Yeye analima mwani Jibondo. Aliuanika, mvua ya ghafla ikampiga akiwa mbali, akawahi kuukusanya na kuuanika tena. Ukakauka vizuri tu kwa macho yake. Mnunuzi akaja. Akatoa konzi moja, akaubana kwa vidole, akaunusa, akasema, "Huu umekula mvua." Bei ikashuka nusu. Bibi akauza sehemu, iliyobaki akakataa kuitoa kwa bei ile, akaamua kumletea binti yake Kibiti anayetengeneza sabuni.

Nusu bei! Kwa vidole viwili na pua!

Sasa mimi simtukani yule mnunuzi. Inawezekana kabisa alikuwa sahihi. Mkulima yeyote wa mwani atakwambia kwamba mwani ukinyeshewa ukiwa juani unapauka na unapoteza ubora. Swali langu ni jingine: unapoteza kiasi gani? Robo? Nusu? Mvua ya dakika kumi ni sawa na mvua ya usiku kucha? Bibi hakujua. Mnunuzi, nadhani, naye hakujua. Lakini mmoja wao ndiye aliyetaja namba na mwingine akameza mate.

Hapa inabidi tuingie darasani kidogo. Nisikuchoshe, nitakwenda haraka.

Mwani wenyewe hauliwi kama mchicha huko unakopelekwa. Unachemshwa ili kutoa kitu kinaitwa karajinani. Kama una dawa ya meno, maziwa ya chokoleti au aiskrimu ndani ya nyumba, geuza pakiti usome maandishi madogo. Ukikuta E407, hiyo ndiyo. Kazi yake ni kugandisha na kuzuia maji yasijitenge. Pwani yetu inalima zaidi aina inayoitwa spinosum, ambayo hutoa karajinani laini, wataalamu wanaiita iota. Ndugu yake cottonii hutoa kappa, jeli ngumu inayovunjika kama jibini, na bei yake huwa juu zaidi. Kilimo cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kule Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kikasambaa Pemba, Mafia, Kilwa, Tanga. Ila cottonii imetutesa, maji yakipata joto inaumwa na kukatika. Kwa hiyo wakulima wetu, wengi wao akina mama, wamebaki na ile ya bei ya chini.

(Delta yenyewe hailimi mwani, msije mkanitumia ujumbe wa kunisahihisha. Maji ya Rufiji ni matamu na yana tope, mwani unataka chumvi na mwanga. Kibiti kwa habari hii ni njia na soko dogo tu, lakini ndipo nilipokutana na kiroba.)

Sasa jeli ni nini? Chukua uji wa muhogo. Unga ulikuwa mkavu, umeutia maji na moto, umevimba na kushikana. Ni nyuzi ndefu sana, zinaitwa polima, zimefungamana kama wavu na maji yamenaswa katikati. Mfano mwingine mnaujua wote, pampasi ya mtoto. Ule unga wa ndani unavimba mara mia na zaidi ya uzito wake ukitiwa maji safi. Utie maji ya bahari uone: unavimba sehemu ndogo tu. Nyuzi zake zina chaji za umeme za aina moja, kwa hiyo zinasukumana na kuachia nafasi ya maji kuingia. Chumvi ikiwepo inatuliza ule msukumano.

Karajinani nayo ina chaji za namna hiyo. Mwani umezaliwa kwenye chumvi, umekulia kwenye chumvi, halafu siku ya kuanikwa unamwagiwa maji ya mvua yasiyo na chumvi hata chembe. Bibi aliniambia kwa maneno yake: "Ukinyeshewa unafura, unateleza kama makamasi, halafu ukikauka tena si yule." Wadau, huyo bibi ameeleza fizikia ya kuvimba kwa jeli bila kwenda chuo. Kilichomkosa ni kipimo.

Na kipimo kipo. Hapa ndipo iliponijia ile taa ya kukagulia noti.

Mmeiona kwa wakala wa fedha au dirishani benki. Unatoa noti, anaimulika kwa taa ya zambarau, alama zilizofichwa zinawaka. Taa inatoa mwanga ambao jicho halioni vizuri, wino wa noti unaumeza na kuutoa tena kwa rangi nyingine. Huko kumeza mwanga wa aina moja na kutoa wa aina nyingine ndiko kunaitwa fluoresensi. Noti feki haiwaki inavyotakiwa, na hapo ubishi umekwisha. Mwenye duka hasemi "mimi naona kwa vidole vyangu ni feki." Anamulika, na mteja anaona.

Wanasayansi wamefanya ujanja huohuo kwenye jeli. Huko Istanbul kuna mwanafizikia, Önder Pekcan, ambaye yeye na wenzake wametumia miaka mingi kupima jeli kwa mwanga. Katika miaka ya 2000 yeye na Özlem Tarı walipima namna jeli ya karajinani ya iota inavyovimba. Naam, iota, ile ya spinosum, ile ya bibi. Wanatia kwenye karajinani ya moto rangi inayoitwa piranini. Ndiyo rangi inayotumika kwenye kalamu nyingi za kijani-njano za kupigia mstari vitabu. Jeli ikishapoa wanaikausha. Kipande kikavu kinawekwa kwenye kichupa cha kioo chenye maji, kinamulikwa upande mmoja, na mng'ao unasomwa kwa pembeni, pembe mraba. Maji yanapoingia, wavu unafunguka, rangi inatawanyika, mng'ao unashuka. Mashine inachora mstari wa kushuka huko kwa sekunde, na kwenye mstari huo wanasoma jeli inavimba kwa kasi gani na inachukua muda gani kushiba.

Uzuri wake ni kwamba hawaigusi. Njia ya kizamani ni kuitoa jeli majini, kuifuta, kuipima kwenye mizani, kuirudisha, kuitoa tena. Kila ukiifuta unaondoka na maji yasiyokuhusu. Kwa mwanga unaikodolea macho tu.

Haya. Sasa nije kwenye hoja iliyonitoa kitandani.

Sisi watu wa korosho tunalijua neno kangomba. Mtu anapita vijijini msimu haujafunguka, ana bakuli lake, ana shida yako mkononi, ananunua kwa bakuli. Siyo kwa kilo, siyo kwa daraja, kwa bakuli. Serikali imepiga kelele miaka nenda rudi, na sababu ni hiyo: aliyekuja na kipimo ndiye aliyekuja na bei. Kwenye mfumo wa ghala angalau mkaguzi anachukua sampuli, anazikata korosho katikati, anahesabu nzima na mbovu, na wewe umesimama unaona. Mnaweza kugombana, lakini mnagombana juu ya kitu kinachoonekana. Na kwenye mazao mengine tuna lumbesa, gunia limejazwa mpaka limeota kichwa, na tuna Wakala wa Vipimo wa kupambana nayo.

Kwenye mwani tuna mizani, sawa. Kilo tunazijua. Lakini mwani hauuzwi kwa ajili ya kilo! Unanunuliwa kwa ajili ya jeli iliyomo ndani, na jeli hiyo mkulima hajawahi kuonyeshwa namba yake hata siku moja. Hiyo ndiyo naiita kangomba ya mwani. Mizani ni ya haki, bakuli limefichwa mahali pengine.

Kila kiongozi akisimama pwani anasema kiwanda, kiwanda, kiwanda. Mimi nasema kipimo kwanza, kiwanda baadaye. Kiwanda kikija kabla ya kipimo, naye mwenye kiwanda atabana kwa vidole, tofauti ni kwamba atakuwa na jengo.

Tena siyo kwamba sayansi ya mwani ni ngeni kwetu. Profesa Keto Mshigeni alisomea mambo haya Hawaii, na tangu miaka ya 1970 alikuwa akiandika na kuhimiza kuhusu mwani wa pwani yetu, kabla kamba ya kwanza ya biashara haijafungwa kwenye kigingi pale Paje. Wasomi tunao. Kinachokosekana ni maabara yenye mlango unaoelekea kwa mkulima, siyo unaoelekea kwenye jarida tu.

Na wala si mwani peke yake. Mimi nimekulia Bungu, na nyie mliokulia kwenye mikorosho mnaikumbuka ile gundi inayotoka kwenye shina, ya rangi ya asali. Tulikuwa tunabandikia madaftari. Wabrazil, ambao ndio kwao mkorosho kabla Wareno hawajatuletea, mwaka 2005 walichapisha namna ya kuichanganya gundi hiyo na kemikali nyingine ikawa jeli inayonyonya maji kupita kiasi, jamaa wa ule unga wa pampasi. Gundi ileile! Kwetu inadondoka chini, mbuzi wanaikanyaga.

Sasa mtasema, wewe mwandishi, maneno matupu. Sawa. Nikajaribu. Na nitawaeleza nilivyoaibika.

Bibi alinipa konzi mbili, moja ya mwani ulionyeshewa na moja ya ule mzima aliokuwa nao kwa ajili ya sabuni. Nikarudi Bungu kwa binamu yangu. Tukauosha, tukauchemsha kila mmoja na sufuria yake mpaka ukayeyuka, tukachuja kwa kitambaa cha kanga. Tukavunja kalamu ya kijani-njano, tukaloweka utambi wake kwenye maji, tukatia rangi kidogo. Ukapoa, ukaganda, jeli ya kutikisika. Tukaanika kivulini siku mbili. Usiku tukafunga madirisha, tukaazima taa ya noti kwa jirani mwenye kibanda cha fedha (alituangalia sana), tukatumbukiza vipande kwenye glasi mbili za maji, simu ikarekodi.

Jamani, ilipendeza! Kijani kinawaka gizani, watoto wa nyumba wamejaa mlangoni. Lakini sayansi haikuwepo. Kwanza rangi ilivuja ikaingia majini, baada ya muda maji yenyewe yakawa yanawaka na hatukujua tunapima jeli au glasi. Pili, piranini inabadilika kufuatana na ukali wa maji, yaani asidi. Maji ya kisima cha binamu si maji ya maabara, na sufuria mbili hazikuwa sawa. Tatu, na hili liliniuma kuliko yote: binamu yangu alikata vipande kama anakata nyanya za kachumbari. Kimoja kinene, kingine chembamba.

Kuna Mjapani alikuwa akifanya kazi Marekani, Toyoichi Tanaka, ambaye mwaka 1979 na mwenzake Fillmore walionyesha kwamba muda wa jeli kuvimba unakua kwa mraba wa ukubwa wake. Kipande chenye unene mara mbili hakingoji mara mbili, kinangoja mara nne. Mara tatu, kinangoja mara tisa. Mwaka 1990 Tanaka na Yong Li wakaiendeleza hesabu hiyo, na ndiyo wanayoitumia wale wa Istanbul kusoma mistari yao. Kwa hiyo glasi yetu moja ilichelewa, na tungekuwa watu wa kukurupuka tungetangaza kwamba mvua imeharibu mwani wa bibi, au haijauharibu. Kumbe tulikuwa tunapima kisu cha binamu.

Lakini hebu fikirini. Kosa hilo nimeligundua kwa sababu nilikuwa napima. Yule aliyebana kwa vidole hawezi kugundua kosa lake hata akibana miaka thelathini.

Kuna rafiki yangu, mwalimu wa sekondari huku huku Kibiti, nilipomsimulia alinijibu kwa hasira. "Mwaka 2024 mafuriko yamesomba mashamba ya watu wa delta na Rufiji, watoto wamelala juu ya madawati, wewe unaleta habari za taa na jeli? Mimi sina hata mwalimu mwenzangu wa fizikia." Nilikaa kimya, maana sehemu kubwa alikuwa na haki. Sina jibu la kumpa mtu aliyepoteza shamba la mpunga. Lakini hilo la kukosa mwalimu wa fizikia naona linanisaidia mimi kuliko yeye. Mtoto wa Jibondo au Mbwera anayefundishwa nuru kwa mchoro ubaoni, wakati mama yake anapoteza nusu ya bei kwa jambo ambalo nuru ingeweza kulionyesha, atapenda fizikia kwa lipi?

Na niwe mkweli zaidi, wataalamu wasije wakanikalia kooni. Kwenye biashara ya mwani vipimo vya kwanza si fluoresensi. Ni unyevu, ni uchafu na mchanga, ni kiasi cha karajinani kinachotoka, na ni nguvu ya jeli. Hivyo ni rahisi na ndivyo vya kuanza navyo. Mashine ya mng'ao ni ya kujibu "kwa nini". Kwa nini mwani wa chanja ni tofauti na wa mchangani, kwa nini mvua ya dakika kumi si mvua ya usiku. Ningependa zote ziwe sehemu moja, Kilindoni au Kibiti, chini ya mtu ambaye hanunui mwani. Hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa. Asiyenunua ndiye ashike kipimo. Mkulima alete konzi, apewe karatasi yenye namba, aende nayo kwa mnunuzi yeyote. Mnunuzi akitaka kubana kwa vidole abane, karatasi ipo mezani.

Watasema wanunuzi watakimbia. Kwenye korosho walisema hivyohivyo, na minada inafanyika.

Juzi nilimpigia yule binti wa Kibiti kumuuliza hali ya mama yake, nikamsimulia na kioja cha glasi mbili. Alicheka, akampa simu bibi. Nikaamkia, nikaeleza habari ya unene na mara nne. Bibi akanyamaza kidogo, halafu:

"Kwa hiyo mlikata vibaya."

"Ndiyo bibi."

"Mwambie huyo binamu yako asikate tena. Bamvua lijalo uje Jibondo mwenyewe. Nitauanika mafungu matatu: mmoja wa chanja, mmoja wa mchangani, mmoja nitaumwagia maji ya mvua kwa mkono wangu nikihesabu. Kila mmoja na mfuko wake. Wewe lete hiyo taa."

Nimeshanunua wembe na rula. Taa bado nabembeleza, jirani anasema safari hii anataka dhamana.